Kunyamaza kwa Muuzaji, Je, ni Uongo?



Vijana wa Ruashi wanatafuta kompyuta ya mezani ya kuchezea michezo, ile inayouzwa ikiwa imekwisha kuungwa: unafika nyumbani, unachomeka, unacheza. Wengine wanauliza kama kucheza ni dhambi. Swali hilo tuliache leo. Liko lingine, linalogusa mfuko wa baba na roho ya muuzaji. Mtu akiuza kitu, asiseme hata neno moja la uongo, lakini akanyamazia ubaya anaoujua, je, amedanganya?

Tukifahamu kwanza kitu chenyewe. Kompyuta hiyo ni sanduku lililofungwa, lenye taa za rangi na kioo ubavuni. Nguvu ya mchezo haiko katika taa. Iko hasa katika kadi ya picha, kisha prosesa na memori. Na uhai wa vyote hivyo unategemea kisanduku cha umeme kilichojificha ndani. Muuzaji anayetafuta faida ya haraka anapunguza hapo, maana wanunuzi wengi hawakitazami. Kisanduku hafifu kinaweza kufa siku umeme unaporudi kwa kishindo (nanyi mnaujua umeme wetu), tena kikaondoka na kadi ya picha.

Hata jina linaweza kuficha. Mwaka 2022 kampuni ya Nvidia ilitangaza kadi mbili kwa jina moja, RTX 4080: moja ya memori 16 GB, nyingine ya 12 GB. Mtu wa kawaida angedhani tofauti ni memori tu. Sivyo. Ya kwanza ilikuwa na viini 9728, ya pili 7680. Hesabu zote zilitangazwa wazi, hakuna aliyesema uongo. Hata hivyo watu walinung'unika, na Oktoba ya mwaka ule kampuni ikaiondoa ile ndogo kabla haijauzwa, ikikubali kwamba jina linachanganya. Januari 2023 ikarudi ikiitwa RTX 4070 Ti. Basi, kusema kweli tupu hakukutosha.

Muuzaji atajibu: "Angeniuliza, ningemwambia." Neno hilo lina sura ya haki, lakini mtu hawezi kuuliza juu ya kitu asichojua kama kipo. Sisi watu wa Katanga tunalijua jambo hili sana. Mchimbaji anabeba mfuko wake wa mawe mpaka depo. Mwenye depo ndiye mwenye mizani, ndiye pia mwenye metorex, mashine inayosoma kiasi cha shaba au kobalti. Mchimbaji anaonyeshwa namba tu. Ikiwa ndogo, atauliza nini? Na shaba hiyohiyo, kama ile inayochimbwa hapa Ruashi, ndiyo inayofanya nyaya na mirija ya kupozea ndani ya kompyuta tunazozitamani. Inatoka kwa bei ya mwenye mizani, inarudi kwa bei ya mwenye duka.

Sheria ya Musa, katika Walawi 19, inakataza kumwekea kipofu kikwazo njiani. Kipofu yule hakuulizwa kwa nini hakuuliza njia.

Lakini tusimwonee muuzaji. Kuuza ghali si uongo. Anaweza kudai malipo ya mikono yake, na mnunuzi anaweza kwenda duka la pili kulinganisha. Na anayeshindwa hata kuuliza jina la kadi amelala mwenyewe. Mimi namhukumu kwa lile moja tu ambalo yeye analijua na mwenzake hana njia ya kulijua.

Kwa hiyo, baba, kabla ya kutoa dola, omba sanduku lifunguliwe. Soma karatasi iliyobandikwa kwenye kisanduku cha umeme. Tazama na nyuma yake: vingine vina swichi ndogo yenye namba 115 na 230. Ikibaki kwenye 115, nawe ukachomeka katika umeme wetu wa 220, kitaungua siku ileile.