Shamba la Anathothi

Soma Yeremia 32:6–25. Mtu anayejua kwa hakika kwamba mji utatekwa ana sababu gani ya kununua shamba nje ya kuta zake?

Ulikuwa mwaka wa 10 wa mfalme Sedekia. Jeshi la Babeli lilikuwa limeuzingira Yerusalemu, na Yeremia alifungwa katika uwanja wa walinzi kwa sababu alitabiri anguko la mji. Ndipo Hanameli, mwana wa ami yake, akamjia amuuzie shamba lililoko Anathothi, upande wa pili wa jeshi la adui.

Kwa hesabu za sokoni, hiyo ilikuwa hasara tupu. Lakini Hanameli hakumwendea mfanyabiashara; alimwendea ndugu. Sheria ya Mambo ya Walawi 25:25 ilimtaka ndugu wa karibu akomboe milki ya jamaa aliyelazimika kuuza. Yeremia akapima shekeli 17 za fedha, akatia sahihi na muhuri mbele ya mashahidi, kisha akamwagiza Baruku aziweke hati katika chombo cha udongo ili zidumu siku nyingi.

Nabii huyu alikwisha kutangaza kwamba taifa lingetumikia Babeli miaka 70 (Yer. 25:11). Hakutazamia kulilima shamba lile yeye mwenyewe. Alitoa fedha yake ya siku hiyo kwa ajili ya mavuno ya watu ambao asingewaona.

Angalia pia mfuatano wa mambo. Yeremia alilipa kwanza, ndipo akaomba, na ombi lake limejaa mshangao (aya ya 24, 25). Tumaini lake halikumwondolea maswali. Lilimwezesha kutii akiwa bado nayo.

Hapa wote wanaongoja marejeo ya Kristo wanapaswa kujipima. Miongoni mwa waumini wa Thesalonike, waliofundishwa kuingojea siku ya Bwana, walikuwamo walioacha kufanya kazi, na Paulo akawaonya (2 Thes. 3:10–12). Jaribu hilo lipo hata leo. Kama Bwana yu karibu, kwa nini kujichosha kumlea yatima au kumuuguza mzee ambaye hatapona?

Wamisionari Waadventista walipofika katika milima ya Upare mwaka 1903, walihubiri kwamba Yesu yu karibu kuja. Hata hivyo Ernst Kotz, mmoja wa waliotumika huko, alijifunza Chasu kwa bidii, na mwaka 1909 sarufi yake ya lugha hiyo ikachapishwa. Kazi ya polepole namna hiyo haitokani na kuhesabu siku tu. Hutokana na kuwapenda watu kiasi cha kutaka kusema nao kwa lugha ya mama zao.

Upendo usio na tumaini huchoka pale matunda yasipoonekana. Tumaini lisilo na upendo hugeuka kuwa kisingizio cha kukaa bure. Kwa imani, Yeremia aliviweka vyote viwili katika hati moja: alimsaidia ndugu yake, na akaikabidhi kesho kwa Mungu.

Jadilini darasani: Ni nani kanisani au mtaani penu anayehitaji msaada ambao huenda msiyaone matunda yake? Ni nini kinachowazuia kuutoa juma hili?