Askari aliyeugua akili: nani atamwandikia haki yake?

Bismillahi Rahmani Rahim

(Karatasi hii ina jina la Mwenyezi Mungu. Usiitupe chini wala usifungie karanga. Ukimaliza kusoma, mpe jirani.)

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, masahaba wake, na kila anayewafuata kwa wema mpaka siku ya malipo. Ninaiusia nafsi yangu kwanza, kisha ninakuusia wewe unayesoma, tumche Mungu kwa haki ya kumcha.

Ama baad.

Ndugu yangu wa Kingamyambo, na wewe wa Musonoi, wa Manika na wa Dilala ambaye karatasi hii itakufikia kwa mkono wa mtu mwingine, leo tunasema juu ya mtu ambaye kila kartie inamjua. Ni yule mzee anayekaa peke yake nyuma ya nyumba. Mgodi ukipiga baruti anajitupa chini na kufunika kichwa kwa mikono, na watoto wanacheka. Usiku anaita majina ya watu ambao hawapo. Au ni yule mwanamume wa miaka arobaini na kitu, aliyechukuliwa kuwa kadogo akiwa mtoto wa shule. Anaweza kukaa wiki nzima bila kusema na mtu, kisha siku moja anavunja sahani zote za nyumba. Sisi tunasema ni kichaa. Tunasema bangi imemharibu, tunasema amerogwa, tunasema damu za watu zinamfuata. Tukishasema hivyo tunapita, tunakwenda kuswali.

Wewe mwenyewe unajua mji huu umepitiwa na nini. Katanga ilijitenga mwaka 1960, na Januari 1963 majeshi ya Umoja wa Mataifa yaliingia hapa Kolwezi. Majandarme wengi walikwenda Angola. Walirudi na bunduki Machi 1977, wakarudi tena Mei 1978, na mji huu ukajaa maiti barabarani. Aliyekuwa na miaka ishirini mwezi ule, awe alikuwa upande wa Tigre au upande wa jeshi la Zaire, leo anakaribia miaka sabini. Kisha ikaja vita ya 1996 na 1997, watoto wakabeba silaha ndefu kuliko wao mpaka Kinshasa. Mwaka 1998 ikaja nyingine. Kila vita iliwarudisha watu nyumbani, na wengine walirudi mwili tu.

Usidhani huu ni udhaifu wa watu weusi au upungufu wa imani. Katika vita vya kwanza vya dunia Uingereza iliwapiga risasi askari wake 306 kwa sababu ya woga na kutoroka, na baadhi yao walikuwa wametikisika akili kwa mizinga. Iliwasamehe mwaka 2006, wote wakiwa wamekwisha kuoza makaburini. Madaktari wa Marekani waliingiza ugonjwa huu wa kiwewe katika kitabu chao cha magonjwa mwaka 1980, baada ya vita ya Vietnam. Mataifa yenye hospitali kubwa yalichelewa kiasi hicho. Sisi tuna udhuru wa kutojua, lakini baada ya kusoma karatasi hii udhuru huo umepungua.

Dini yetu haikuchelewa. Katika Suratul Fat'h, aya ya 17, Mwenyezi Mungu amemwondolea lawama kipofu, kiwete na mgonjwa. Tazama aya hiyo imekaa wapi: imekaa katikati ya maneno ya vita. Mgonjwa hakuitwa mwoga pale. Na Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba kalamu ya kuandika madhambi imeinuliwa kwa watu watatu: aliyelala mpaka aamke, mtoto mpaka abaleghe, na aliyepotewa na akili mpaka zimrudie. Kwa hiyo ukimwona ndugu huyu amekosa sala tatu, au amesimama katikati ya safu akisema peke yake, usimfukuze msikitini kwa fimbo. Kalamu ya dhambi imeinuliwa kwake. Kalamu ya haki zake inaandika kama ya kwako, na wewe uliyeshika fimbo kalamu yako inaandika vilevile.

Imepokewa na Anas (R.A.), nayo imo katika Sahihi Muslim, kwamba mwanamke mmoja ambaye akili yake ilikuwa na kitu alimjia Mtume akasema ana haja naye. Wewe na mimi tungetazama saa. Mtume alimwita kwa heshima, mama wa fulani, akamwambia achague njia yoyote ya mji anayoitaka ili amtimizie haja yake. Akaenda naye kando, akamsikiliza mpaka mwanamke akamaliza mwenyewe. Huyu ni kiongozi wa dola, mkuu wa jeshi, mwenye wajumbe wanaomngoja. Hadithi hii ningependa kila karani mwenye dirisha katika biro zetu aisikie, na kila mtoto mwenye baba mgonjwa nyumbani.

Sasa tuje kwenye neno lenyewe la leo, yaani malipo.

Watu wengi wanadhani kumpa askari mgonjwa pesa ni sadaka: ukipenda unatoa, usipopenda unaacha. Sivyo. Sayyidna Umar (R.A.) alipofungua diwani, daftari la majina ya askari na jamaa zao, aliandika mafungu yao katika hazina ya Waislamu kama deni. Na utaratibu wake ulipoumiza watu aliubadilisha. Mwanzoni fungu la mtoto lilikuwa linatoka akishaachishwa ziwa. Usiku mmoja alisikia mtoto mchanga analia bila kunyamaza, akamwuliza mama yake, na mama bila kumjua akamjibu kwamba anamwachisha mapema kwa sababu Umar hamlipi mtoto anayenyonya. Umar aliswalisha Alfajiri siku ile huku analia, kisha akaamuru mtoto alipwe tangu kuzaliwa. Na Khalifa al-Walid bin Abdul-Malik, aliyetawala Damascus miaka 705 mpaka 715, Tabari ameandika kwamba aliwapa wenye ukoma malipo ili wasiombe watu, akampa kila kiwete mtumishi na kila kipofu mtu wa kumshika mkono.

Mtu wa kumshika mkono. Kumbuka neno hilo, tutalirudia.

Na katika nchi yetu? Maandishi yapo. Katiba ya Februari 2006, kifungu cha 49, inampa mzee na mwenye ulemavu haki ya kulindwa kwa namna ya pekee. Sheria nambari 13/005 ya tarehe 15 Januari 2013 inapanga hali ya askari wa FARDC, pamoja na mambo ya pensheni na ya aliyelemaa kazini. Sheria nambari 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022 inalinda haki za wenye ulemavu, na ulemavu wa akili umo ndani yake sawa na wa mguu. Usikubali mtu akwambie kwamba mlemavu ni yule mwenye gongo tu. Kwa walioacha silaha, CONADER iliundwa mwaka 2003, na aliyetoka jeshini alipangiwa dola 25 kwa mwezi kwa mwaka mmoja. Mwaka mmoja! Ndoto za vita hazijui kalenda ya mradi.

Lakini maandishi hayatembei yenyewe. Mnakumbuka wafanyakazi zaidi ya elfu kumi wa Gécamines waliotolewa kazini mwaka 2003 kwa kile kilichoitwa kuondoka kwa hiari. Wale walikuwa na akili zao timamu, walijua kusoma, walijikusanya pamoja wakadai, na bado walihangaika miaka na miaka. Basi mtu ambaye hawezi kukaa katika foleni kwa sababu anaona adui nyuma yake, ambaye alichoma makaratasi yake mwenyewe usiku mmoja, ambaye akiulizwa jina la komanda wake anaanza kutetemeka, yeye ataifuata dosie yake namna gani? Aliyekatwa mkono anaonyesha mkono. Huyu kidonda chake ndicho kinachomzuia kukionyesha.

Hapa Qur'ani inasema nasi waziwazi. Aya ndefu kuliko zote, Suratul Baqara 282, ni aya ya makaratasi: kuandika deni, mwandishi, mashahidi. Ndani yake Mwenyezi Mungu ameamuru kwamba ikiwa mwenye kudaiwa ni mpungufu wa akili, au mnyonge, au hawezi kusema yaandikwe nini, basi msimamizi wake aseme kwa niaba yake kwa uadilifu. Ikiwa mtu wa namna hii anasimamiwa pale anapodaiwa, ni wajibu zaidi asimamiwe pale anapodai. Msimamizi ni nani? Ni mtoto wake, ni ndugu yake. Kama hana, ni sisi.

Kwa hiyo, wewe mwenye mgonjwa nyumbani, anza wiki hii. Andika katika daftari nambari yake ya matrikule kama inajulikana, batayo yake, miaka, mahali alipopigana, lini ugonjwa ulianza na ulianzaje. Muulize asubuhi akiwa ametulia, kidogo kidogo, wala usimlazimishe kusimulia vita ili upate mstari mmoja wa karatasi. Watafute waliokuwa naye jeshini nao waandike ushahidi na kutia sahihi. Wanazeeka, wanakufa, na kila mazishi yanaondoka na shahidi. Mpeleke kwa daktari, na karatasi ya daktari iwe na tarehe na muhuri. Kila kitu kitoe kopi, na karatasi ya asili usiiache katika biro yoyote bila kupewa hati ya kupokea.

Na jihadhari na mambo mawili. La kwanza, uongo. Usimfundishe mzima kujifanya mgonjwa, wala usimwongezee mgonjwa vita ambayo hakupigana. Mtume alipotaja madhambi makubwa alikuwa ameegemea. Alipofika kwenye ushahidi wa uongo alikaa wima akalirudia sana. Dosie moja ya uongo inamfanya karani azitilie shaka mia za kweli. La pili, tumbo. Katika Suratun Nisaa, aya ya 5, tumeamriwa kuwalisha na kuwavisha wapungufu wa akili kutokana na mali, na kusema nao maneno mema. Kuna watoto wanaosukuma dosie ya baba mwaka mzima, pesa zikifika wananunua pikipiki, baba anabaki na suruali ileile. Pesa ile ipokelewe mbele ya mashahidi. Na wale wanaozunguka kwenye makartie wakisema wanawajua wakubwa Kinshasa, wanataka nusu kwanza, usiwape.

Ndugu zangu, hii ni hutuba ya pili, nayo ni fupi.

Wako ambao hawana matrikule wala hawatakuwa nayo, kwa sababu jeshi walilopigania halipo tena, au lilikuwa upande ulioshindwa. Hao Serikali itawaambia haiwajui. Mungu anawajua, na zaka inawajua: aya ya 60 ya Suratut Tawba inawataja mafukara na masikini bila kuuliza walibeba bendera gani. Wala sisi tusiulize. Katika msikiti huu wamo watoto wa Tigre na watoto wa waliopigwa na Tigre, katika safu moja.

Juu ya tiba: kisomo cha Qur'ani ni halali na kina baraka, lakini Mtume alipoulizwa kama watu watafute dawa alisema ndiyo, watafute. Kumfunga mtu mnyororo kwenye mti miezi mitatu ukingoja jini atoke, hiyo si ruqya. Lubumbashi, safari ya kilomita kama 300, kipo kituo cha wagonjwa wa akili cha Dr Joseph Guislain. Ni cha mabruda Wakatoliki, na mtu asiogope kwa hilo. Kidonge hakimbatizi mtu.

Na mama wa nyumba ile! Wengi tunamsifu kwa subira na tunamwachia mzigo. Hajalala usingizi mzima miaka kumi. Anaficha visu kabla ya kulala. Hawezi kwenda sokoni bila kumwomba jirani amtazamie. Khalifa alitoa mtu wa kumshika kipofu mkono. Nyumba hii nayo inahitaji mtu. Wewe ambaye hujui kuandika dosie, nenda ukakae na mzee yule mchana mmoja kwa wiki, ili mke wake aende kliniki, au alale tu.

Ee Mwenyezi Mungu, waponye wagonjwa wetu, wa mwili na wa akili. Wape usingizi wasio na usingizi. Warehemu waliokufa Kolwezi na kila mahali, tunaowajua na tusiowajua. Walainishe mioyo wenye mihuri mikononi. Amin.

TANGAZO: Leo baada ya sala, meza itawekwa chini ya mwembe, upande wa wanawake, ili kina mama wafike bila shida. Vijana wanaojua kuandika Kifaransa wabaki, waje na kalamu. Mwenye mgonjwa aliyekuwa askari aje na jina lake kamili, mwaka wa kuzaliwa, na karatasi yoyote iliyobaki, hata iliyochanika. Hakuna malipo. Asiyeweza kufika aseme kartie na avenyu yake, tutakuja.