Amana ya Ujana: Kujuliana Hali Baada ya Kustaafu

Kustaafu, kwa maana ya kisheria, ni kukoma kwa ajira kwa sababu ya umri, jambo ambalo kwa walio wengi katika utumishi wa umma wa Tanzania hutokea kwa hiari wanapofikisha miaka 55 na kwa lazima wanapofikisha 60; kwa maana ya kifalsafa, ni kuvuliwa cheo ambacho kwa miongo kadhaa kilijibu, kwa niaba ya mhusika, swali la yeye ni nani. Ndicho kipindi ambacho wengi huanza kuwatafuta waliosoma nao chuoni na kupashana habari za maradhi, wajukuu na misiba, na kwa kuwa habari hizo hazileti kipato wala cheo, inafaa kuuliza thamani yake hasa ni ipi.

Mfano ulio wazi ni wa walimu waliofunzwa nchini humo katika miaka ya 1970. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilitaka elimu ya msingi kwa wote, yaani kila mtoto aliyefikia umri wa kwenda shule aandikishwe, ifikapo mwaka 1977. Vyuo vya ualimu vikawakusanya vijana wa mikoa mbalimbali, vikawalaza katika mabweni mamoja, kisha serikali ikawatawanya katika shule ambazo mara nyingi zilikuwa mbali na kwao. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1976 alitimiza 60 mwaka 2016, na kwa sehemu kubwa ya muda huo alitegemea barua zilizopitia sanduku la posta la shule, na salamu alizopewa msafiri, mpaka simu ya mkononi ilipomkutanisha tena na wenzake, wakiwa wazee, katika kundi moja la WhatsApp.

Aristotle, katika kazi yake ya maadili, aligawa urafiki katika aina tatu: wa manufaa, wa raha, na wa wema, ambao mtu humtakia mwenzake heri kwa ajili ya mwenzake mwenyewe. Usuhuba wa chuoni hauingii kwa urahisi katika mafungu hayo, kwa kuwa haukuanza kwa kuchaguana. Nani alale kitanda cha juu na nani cha chini ni jambo lililoamuliwa na wengine. Hata hivyo, mwanafalsafa huyo anaongeza kwamba umbali hauvunji urafiki wenyewe, ila huzuia utendaji wake, na kwamba binadamu huishi pamoja kwa kushirikiana maneno na fikra, tofauti na ng'ombe wanaolisha mahali pamoja. Ikiwa ndivyo, wastaafu wawili, mmoja Songea na mwingine Bukoba, wanaoulizana kuhusu shinikizo la damu na kiinua mgongo, wanaishi pamoja zaidi kuliko majirani wasiosemezana.

Hoja hiyo haijaeleza kwa nini mwenza wa mstaafu awe aliyesoma naye, na si jirani mwema yeyote. Nyenzo inayohitajika inapatikana kwa John Mbiti, mwanateolojia na mwanafalsafa wa Kenya, ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika alitumia Sasa na Zamani kama istilahi: Sasa ni wakati ambao watu wanauishi na kuukumbuka, na Zamani ni kina ambamo kila tukio huishia kuzama. Kwa mujibu wake, marehemu hubaki katika Sasa maadamu yupo aliye hai aliyemfahamu na anayemkumbuka kwa jina. Wazo hilo, lililohusu wafu, linaweza kupanuliwa kwa walio hai, kwa sababu ujana wa mtu waweza kufa kabla yake. Wazazi walioushuhudia wamefariki, mwenzi wa ndoa mara nyingi alikuja baadaye, na watoto hawakuuona kamwe. Wanaoushikilia katika Sasa ni wale wanaoweza bado kumwita kwa jina la utani ambalo nyumbani kwake halijulikani.

Lakini kumbukumbu peke yake haitoshi. Mwenye kumbukumbu bila habari anamjua kijana ambaye hayupo tena, na mwenye habari bila kumbukumbu anamjua mzee asiye na mwanzo. Kujuliana hali ndiko kunakoziunganisha ncha hizo mbili ziwe maisha ya mtu mmoja. Tanzia inapowekwa katika kundi, kwanza huja pole zinazofanana, kisha mhazini huanzisha orodha ya rambirambi yenye namba, ambayo kila mmoja huinakili na kuongeza jina na kiasi chake, na katikati ya orodha hiyo mmoja huandika kwamba marehemu ndiye aliyekuwa akiwanyoshea wenzake sare kwa pasi ya mkaa kila Jumapili. Wasifu utakaosomwa makaburini utataja shule na vyeo, wala hautataja pasi, kwa kuwa aliyeuandaa hakuwapo.

Orodha hiyohiyo huanika pia tofauti za kipato, na wapo wanaonyamaza au kujiondoa kwa kuona haya, wakidhani kwamba asiye na cha kuchanga hana cha kutoa. Dhana hiyo inapotoka, kwani kila mmoja amewekewa na wenzake amana, yaani kitu cha mtu mwingine alichokabidhiwa akitunze, nayo ni ujana wao. Na mwenye kuweka amana hapotezi haki yake kwa sababu mtunzaji ni maskini. Kujuliana hali uzeeni ni wajibu kabla ya kuwa burudani, na wajibu huo unadai habari za kweli, zikiwamo zile za upungufu na ugonjwa, kwa kuwa anayejificha kwa aibu huwanyima wenzake ushahidi ambao hakuna mwingine awezaye kuutoa.