Aliyepona Si Shahidi

Hebu tuulizane, msomaji. Mtu mwenye homa kanywa majani machungu ya mganga, wiki ikapita, akaamka mzima. Majani yamemponya? Wengi wetu wa mjini tutacheka: "Aa, homa ilikuwa inaondoka yenyewe!" Lakini tukiambiwa mgonjwa alilala kwenye kochi la Sigmund Freud kule Vienna, akasimulia ndoto zake, akapona, tunatikisa vichwa kwa heshima. Kwa nini? Nadhani ni lile kochi tu linalotutisha.

Tuanze na Bertha Pappenheim, ambaye vitabuni anaitwa Anna O. Daktari Josef Breuer alimtibu kwa kumwacha aseme. Mwaka 1895 Breuer na Freud wakachapisha kisa chake kama ushindi. Kumbe mwaka 1882, mara tu baada ya tiba hiyo, alilazwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili huko Kreuzlingen, Uswisi. Miaka ikapita, akainuka, na mwaka 1904 akaanzisha chama cha wanawake wa Kiyahudi nchini Ujerumani. Nani alimwinua? Breuer? Kazi? Muda?

Swali hilo Hans Eysenck alilitupa sokoni mwaka 1952. Alidai kuwa karibu theluthi mbili ya wagonjwa wa aina hii hupata nafuu ndani ya miaka 2 hata bila kuchambuliwa nafsi. Hesabu zake zilipingwa sana, lakini swali lilibaki: bila tiba, ingekuwaje?

Jibu linataka makundi mawili yanayogawanywa kwa kura. London walifanya hivyo katika kliniki ya Tavistock, matokeo yakatoka mwaka 2015. Wagonjwa 129 wa sonona sugu: wengine walipata huduma ya kawaida tu, wengine wakaongezewa uchambuzi wa nafsi kwa miezi 18. Tiba ilipokwisha, tofauti ilikuwa ndogo. Miaka 2 baadaye, kwenye kundi la uchambuzi watu 30 katika kila 100 walikuwa na nafuu ya kiasi. Kundi la pili, kama 4 tu. Si uongo basi, ipo faida. Ila hao 70 waliobaki, nani atawasimulia?

Na hata tiba ikifaa, nadharia imethibitika? Hapana. Karl Popper alionyesha kwamba nadharia hii humweleza mtu anayemsukuma mtoto majini, na humweleza vilevile anayejitosa kumwokoa. Inayoeleza kila kitu haiwezi kukamatwa ikikosea. Huenda kinachoponya ni sikio lenye subira, siyo hadithi ya utoto uliosahaulika.

Sasa utaniuliza: mtu kapona, ya nini kubishana? Kwa sababu kuna mwingine anayetoa pesa na miaka yake akisubiri zamu ya kupona. Asipopona, ataambiwa kwamba anapinga tiba. Huyo ana haki ya kuambiwa mapema: "Huenda ikakusaidia, huenda isikusaidie." Kumnyima neno hilo ni kumwibia.

Nasi tunaoandika tujihadhari zaidi. Mwaka 1930 Freud alipewa Tuzo ya Goethe huko Frankfurt. Kalamu alikuwa nayo kwelikweli. Hadithi nzuri hutuingia haraka kuliko ushahidi. Najua, maana mimi mwenyewe nilimwamini Anna O. kabla sijauliza alipona lini.