Neno na Kioo cha Simu

Mwanafunzi aingiapo kidato cha kwanza mjini Songea huvuka mpaka bila ya kuondoka kitini: jana, katika shule ya msingi, alisomeshwa kwa Kiswahili, leo hisabati na bayolojia zamjia kwa Kiingereza. Si ajabu akikimbilia simu. Humo hulikuta neno na picha yake, na sauti ya mtamkaji. Msaada huo haufai kubezwa. Allan Paivio, mwanasaikolojia wa Kanada, alieleza mwaka 1971 kwamba kilichohifadhiwa kwa neno na kwa taswira kina njia mbili za kurudi akilini.

Lakini je, aliyeonyeshwa neno amelijua? Kikombe kitapigwa picha, ngalawa kadhalika. Mgeni anayejifunza Kiswahili akionyeshwa picha ya binti aliyeinamisha uso, atajuaje kuwa ni haya, au aibu, au huzuni, au adabu tu mbele ya mkubwa? Picha ni moja, maneno manne, na wanaoyatenganisha ni watu walioishi nayo.

Songea yenyewe ni shahidi. Wangoni walivuka Zambezi mwaka 1835, na baadaye wakaitawala nchi hiyo ya Ruvuma. Lugha yao ilikuwa ya wenye nguvu. Ila waliooana nao na kuwalelea watoto walikuwa, wengi wao, wenyeji. Kingoni cha Songea leo ni ndugu wa Kimatengo na Kindendeule kuliko Kizulu. Mkuki haukuweza kuwakumbusha watoto maneno ambayo hawakuitwa kwayo, wala kukemewa kwayo, wala kubembelezwa kwayo.

Katika maandishi ya Plato, mfalme Thamus wa Misri aliogopa kwamba hati itawatia watu usahaulifu, wajidhanie wana elimu ilhali wana ukumbusho tu. (Na hofu hiyo imetufikia kwa hati!) Simu imeirudisha hoja ile ile: mwanafunzi husema “nalijua” kumbe linajulikana mfukoni. Hapo pana udanganyifu mdogo, na anayedanganywa ni yeye mwenyewe.

Angeweza kuifunika simu, akangoja, akalitafuta neno kichwani, kisha akamwambia mwenzake. Hapo ndipo penye uzito. Simu humsahihisha na haimcheki. Mwenzake humcheka, na darasa zima pamoja naye. Ndiyo maana wengi huirudia simu.