Deni la Mwigaji

Kuiga ni shule ya kwanza ya mwanadamu. Mtoto huiga sauti ya mama yake kabla hajajua maana ya neno. Mwanafunzi wa useremala huiga mkono wa fundi wake kabla randa haijamtii. Na mshairi chipukizi hupima mizani yake kwa mizani ya waliomtangulia. Kama kuiga kungalikuwa haramu, maarifa yangalizikwa pamoja na watu walioyavumbua. Walakini kila jamii ina jina baya kwa mtu atwaaye kazi ya mwenziwe akaiita yake. Baina ya mwanafunzi asifiwaye na mwizi alaaniwaye pana mpaka, na mpaka huo si rahisi kuonekana. Mfano mmoja wa karne iliyopita wafaa kutazamwa kwa makini, kwa sababu ndani yake wema na ubaya vilifungwa katika sanduku moja.

Tarehe 15 Julai 1983 kampuni ya Nintendo ya Japani ilitoa mashine ya michezo ya televisheni iliyoitwa Famicom, kwa bei ya yeni 14,800. Aliyeongoza usanifu wake alikuwa mhandisi Masayuki Uemura. Mashine hiyo, pamoja na ndugu yake aliyeuzwa Marekani na Ulaya kwa jina la NES, iliuzwa kiasi cha milioni 62. Lakini dunia ni pana kuliko maduka ya kampuni moja. Pande nyingi hazikufikiwa na mashine hiyo, au zilifikiwa kwa bei iliyowashinda watu, na huko ndiko zilikofika nakala zake. Katika Taiwan kampuni ya UMC ilitengeneza chipu zilizofanya kazi ile ile ya chipu za asili, na juu ya chipu za namna hiyo zikajengwa mashine zenye majina chungu nzima. Poland iliijua nakala kwa jina la Pegasus. China iliijua kwa jina la Subor, na baadhi ya mashine za jina hilo zilikuwa na kibodi, zikinadiwa kuwa vyombo vya kujifunzia. Afrika ya Kusini iliijua kwa jina la Golden China. Katika Urusi kampuni ya Steepler ilianza kuuza Dendy mwezi wa Desemba 1992, na alama yake ilikuwa mwanatembo mchangamfu. Watoto wengi wa Moscow walimjua tembo huyo kabla ya kulisikia jina la Nintendo.

Mtetezi wa nakala hana haja ya kutafuta hoja mbali. Waswahili husema: asiyekuwepo na lake halipo. Dola ya Kisovieti ilikuwa imevunjika mwaka mmoja tu kabla ya Dendy kutokea, na hapakuwa na duka la Nintendo ambalo mzazi wa Kirusi angaliweza kulipita ili akanunue nakala kwa jirani. Katika Poland sheria ya hakimiliki iliyotaja wazi programu za kompyuta haikupitishwa mpaka Februari 1994. Katika Brazili sheria ya mwaka 1984 ilizuia vyombo vya kompyuta vya kigeni ili kulinda viwanda vya nchi. Basi mtetezi auliza: ni nani aliyeibiwa? Muuzaji hakuwapo sokoni, sheria ilikuwa kimya au ilikuwa upande wa mwigaji, na mtoto alipata furaha ambayo vinginevyo asingeipata kabisa.

Hoja hii ina nguvu, wala si haki kuipuuza. Mtu akiangua nazi za jirani aliyesafiri, jirani hurudi akaukuta mnazi mtupu. Lakini mtu akiiga mashine, mashine ya asili hubaki ilivyokuwa. Ndiyo maana dhamiri ya watu wengi haiwasuti kwa nakala kama iwasutavyo kwa nazi. Hata hivyo methali yenyewe yasema machache kuliko yanayotakwa na mtetezi. Asiyekuwepo hukosa sehemu yake katika karamu, kwa sababu walaji hawawezi kumngoja. Hakosi haki ya kutajwa kuwa yeye ndiye aliyeleta mchele. Kutokuwapo kwa Nintendo katika soko la Moscow kulipunguza hasara yake, pengine kukaiondoa kabisa. Hakukuwafuta watu waliokesha Kyoto wakisanifu kitu ambacho hakikuwapo.

Mshitaki naye ana hoja yake, na yeye pia yafaa apimwe kwa mizani ile ile. Asema kwamba kazi ya asili ni mali ya aliyeianzisha, na kila nakala ni wizi. Lakini ni kazi gani iliyo ya asili tupu? Mwaka 1974 kampuni ya Motorola ilitoa chipu iliyoitwa 6800. Baadhi ya wahandisi wake, akiwamo Chuck Peddle, waliondoka wakaenda katika kampuni ya MOS Technology, na mwaka 1975 wakatoa chipu ya 6501 iliyoingia barabara katika kitako cha 6800, pamoja na nduguye 6502. Motorola ikashitaki, 6501 ikaondolewa sokoni, na mwaka 1976 MOS ikalipa dola 200,000. Ile 6502 ikabaki, ikaenea duniani, na moyo wake ndio uliotiwa katika chipu ya Ricoh iliyoendesha Famicom, isipokuwa kazi moja ya hesabu za makumi, iliyokuwa na hataza Marekani, ndiyo iliyozimwa. Kwa hiyo chipu ya Taiwan ilikuwa kilembwe katika ukoo ambao mababu zake nao waliwahi kuitwa mbele ya hakimu.

Wala si chuma peke yake. Miongoni mwa michezo mitatu iliyotoka pamoja na Famicom siku ile ya kwanza ulikuwamo Donkey Kong. Kwa ajili ya sokwe wa mchezo huo kampuni ya filamu ya Universal iliishitaki Nintendo mwaka 1982, ikidai kwamba ameigwa kutoka kwa King Kong. Nintendo ilishinda, na mojawapo ya sababu ni kwamba Universal yenyewe ilikuwa imekwisha kudai mahakamani, miaka michache nyuma, kwamba hadithi ya King Kong ni mali ya umma. Aliyeshitakiwa kwa kuiga jana huwa mwenye kushitaki waigaji leo. Jambo hili halimfanyi kuwa mnafiki. Laonyesha tu kwamba hakuna mtu aliyeanza na ukurasa mweupe.

Ikiwa wote wameazima, basi mpaka uliotafutwa hauwezi kuwa baina ya wanaoiga na wasioiga. Budi utafutwe baina ya namna mbili za kuiga. Namna ya kwanza hutwaa na kuongeza. Mwigaji wa namna hii hakukosekana hata miongoni mwa watengenezaji wa nakala: televisheni za Ulaya zilionyesha picha 50 kwa sekunde, na za Japani 60, na chipu ya UMC iliyokusudiwa nchi za picha 50 ilipangwa kwa ustadi ili michezo ya Kijapani iende karibu na mwendo wake wa kwao. Fundi aliyeyapanga hayo alikuwa ameuelewa mwalimu wake, na kuelewa ni heshima.

Namna ya pili hutwaa na kuficha. Kaseti nyingi zilizouzwa pamoja na mashine hizo zilikuwa na michezo ambayo jina la kampuni na mwaka wa kutungwa vilikuwa vimefutwa katika picha ya kwanza. Nyingine ziliandikwa kuwa na michezo elfu na maelfu. Mtoto akiihesabu, aliikuta michache, ile ile ikirudiwa kwa rangi nyingine au kwa kuanzia hatua nyingine. Hapa dhuluma haihitaji mwanasheria kuithibitisha. Mtungaji amenyang'anywa jina, na mtoto ameuziwa tarakimu. Hataza hufika kikomo baada ya muda uliowekwa na sheria, na Nintendo yenyewe iliacha kuitengeneza Famicom mwaka 2003. Hatia ya kuliiga sanduku yaweza kuisha kama kandarasi iishavyo. Uongo hauna tarehe ya kuisha.

Wenye mali nao hawakosi funzo. Mwaka 1993 Gradiente ya Brazili, iliyokuwa imeuza nakala kwa jina la Phantom System, iliungana na Estrela wakaunda Playtronic, na Playtronic ikawa mwakilishi wa Nintendo katika nchi ile. Mwaka 1994 Steepler nayo ilipatana na Nintendo ikauza mashine zake mpya katika Urusi. Mwenye mali aliikuta njia imekwisha kufyekwa na waigaji, na wateja wamekwisha kufundishwa kupenda. Kama kila nakala ilikuwa wizi mtupu, ni vigumu kueleza kwa nini mwenye shamba alimpa mwizi ufunguo wa ghala.

Labaki swali zito kuliko yote, nalo halimhusu mfanya biashara. Mtoto aliyecheza Dendy mwaka 1993 leo ni mtu mzima. Hakuiba kitu, alipokea zawadi mikononi mwa wazazi waliokuwa wamejinyima. Haistahili kumwambia kwamba furaha yake ilikuwa haramu, wala hawezi kuirudisha. Lakini kutokuwa na hatia si kutokuwa na deni. Masayuki Uemura alifariki Desemba 2021, na wako watu waliokua na kazi ya mikono yake bila kulisikia jina lake hata mara moja. Deni la namna hii halilipwi kwa fedha. Hulipwa mtu anapomwonyesha mwanawe mashine kuukuu na kumwambia ukweli wote: kwamba iliigwa, kwamba walioiiga walikuwa na ustadi wao, kwamba waliofuta majina walidhulumu, na kwamba aliyeianzisha alikuwa mtu fulani, wa mahali fulani, aliyejifunza naye kwa wengine.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Methali hii kwa desturi husemwa kwa ajili ya mdogo mbele ya mkubwa, lakini hapa yawafaa wote wawili. Mwigaji apewe haki ya kazi aliyoifikisha pale ambapo mwenyewe hakufika. Na mwanzilishi, ajapokuwa tajiri na mwenye nguvu, apewe haki ya jina lake. Kuazima hakumvunjii mtu heshima. Kinachomvunjia ni kukana kwamba aliazima.