Motokaa Yenye Ila na Haki ya Mwenye Kununua

Msingi wa biashara ni kuaminiana. Mwenye kuuza hujua asiyoyajua mwenye kununua, na tafauti hii ya ujuzi ndiyo mlango inamopitia dhulma. Katika biashara ya nguo au mchele tafauti hiyo ni ndogo, kwa kuwa nguo huonekana na mchele hushikwa mkononi. Walakini katika motokaa zilizokwisha tumika tafauti hiyo ni kubwa mno, na mas'ala yake yataka kutazamwa kwa makini. Je, mfanyi biashara aliyeisifu motokaa kwa sifa isiyo nayo amekwisha toka jukumuni pindi apokeapo thamani yake? Au mnunuzi angali ana haki juu yake?

Na atazamwe, kwa mfano, mtu wa Kinyangiri. Kinyangiri ni kata ya wilaya ya Mkalama, mkoa wa Singida, wilaya iliyotengwa na Iramba mwaka 2012, na watu wake hulima alizeti, mtama na mahindi. Ichukuliwe kuwa mkulima mmoja wa huko amedunduliza mavuno ya miaka minne, akapanda basi kwenda Dar es Salaam, ambako kutoka Singida mjini tu ni mwendo wa kilomita 700 hivi, ili anunue pikapu ya kuchukulia mazao. Katika yadi ya magari anaambiwa kuwa pikapu ile imekwenda kilomita 80,000 na haijapata kugongwa. Analipa shilingi 20,000,000. Haujatimia mwezi kijijini, fundi anamwonyesha chuma kilichoungwa chini ya rangi mpya, na dalili ya kuwa kile kipimo cha kilomita kimerudishwa nyuma. Mwenye yadi akipigiwa simu ana majibu manne, na kila mfanyi biashara wa pwani amepata kuyasikia. Yafaa yapimwe moja moja.

Jibu la kwanza ni kuwa mnunuzi alikuwa na macho. Neno hili lina ukweli ndani yake, kwani mtu hapaswi kununua mbuzi ndani ya gunia, na mwenye akili huenda na fundi wake. Lakini ila ni namna mbili. Iko ya dhahiri, kama kioo kilichopasuka, na mwenye kuiona akaridhika hana la kudai. Iko na ya siri, ambayo jicho la mkulima haliifikii. Sharia haikumwacha mgeni asiyejua soko aliwe kwa ujinga wake. Mtume Muhammad, rehema na amani zimshukie, alikataza watu wa mji kuwatokea njiani wenye misafara ili kununua bidhaa zao kabla hawajafika sokoni, na akampa mwenye bidhaa khiyari afikapo sokoni na kuijua bei. Ikiwa mgeni mwenye kuuza amelindwa hivyo, mgeni mwenye kununua hastahiki kufanywa windo.

Jibu la pili ni kuwa mwenye yadi hakusema uwongo, bali alinyamaza, na kipimo ndicho kilichosema. Hapa pana funzo kubwa katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim juu ya mnyama aliyefungwa chuchu. Palikuwa na wachungaji waliomwacha ngamia au mbuzi bila kumkama siku kadha, ili kiwele kijae na mnunuzi adhani kuwa ndivyo alivyo siku zote. Mtume alikataza jambo hilo, na akamhukumia aliyenunua kuwa, akishamkama na kuijua hali yake, ana khiyari: akitaka atamweka, na akitaka atamrudisha pamoja na pishi ya tende badala ya maziwa aliyoyakama. Muuzaji yule hakutamka neno. Alikifanya kiwele kiseme uwongo kwa niaba yake. Tafauti ya kiwele kilichojazwa na kipimo kilichopunguzwa ni ya sura tu, kwani vyote viwili ni shahidi aliyefundishwa kusema asilolijua. Na hata asiyekigusa kipimo kwa mkono wake, akijua kuwa kimeguswa akanyamaza huku akipokea bei ya kilomita 80,000, amekula matunda ya uwongo ule ule.

Wala asiseme upesi kuwa hakujua. Motokaa nyingi zishukazo bandari ya Dar es Salaam hutoka Japani, na huko nyingi hununuliwa minadani. Katika minada hiyo mkaguzi huandika karatasi ya hali ya kila motokaa: daraja yake, kilomita zake, na mahali palipopigwa au kubadilishwa. Karatasi hiyo huonwa na yule anayenunua huko. Mara nyingi basi khabari ya ila ilikuwako tangu mwanzo, na aliyefichwa ni yule wa mwisho tu, aliye mbali na karatasi na aliyelipa kuliko wote.

Jibu la tatu ndilo zito, nalo ni kuwa mnunuzi aliambiwa wazi: nunua kama ilivyo, baada ya hapo hakuna kurudisha. Na huenda akatiwa saini. Je, sharti hilo humwosha muuzaji? Wanavyuoni wamekhitilafiana katika kuuza kwa sharti ya kutodaiwa ila. Kauli yenye nguvu katika madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo ya watu wengi wa pwani hii, ni kuwa sharti hilo humwokoa muuzaji katika jambo moja tu: ila ya ndani katika mnyama aliye hai, ambayo yeye mwenyewe hakuijua. Sababu yake ni kuwa mnyama hubadilika, na maradhi yake huweza kumfichika hata mwenyewe. Motokaa si mnyama. Haili wala haiugui, na chuma chake kilichoungwa kiliungwa na mkono wa mtu.

Katika Muwatta ya Imamu Malik imepokewa khabari ya Abdullah bin Umar, aliyeuza mtumwa kwa dirhamu 800, enzi zile watu walipokuwa wakiuzwa, kwa sharti kuwa hadaiwi ila. Mnunuzi akashitaki kuwa mna maradhi asiyoambiwa. Khalifa Uthman akamtaka Ibn Umar aape kuwa alipouza hakuwa na habari ya maradhi yale. Ibn Umar akakataa kuapa, akamrudisha kwake. Na azingatie mwenye yadi: Khalifa hakuuliza juu ya sharti lililotajwa, aliuliza juu ya alichokuwa akikijua muuzaji. Sharti haliwezi kufunika ujuzi. Mwenye kusema "kama ilivyo" hali yeye peke yake ndiye ajuaye ilivyo, hakumwambia mwenziwe kitu.

Jibu la nne ni kuwa naye aliuziwa vivyo hivyo, hawezi kula hasara peke yake. Hili ni jibu la mtu aliyeumwa akatafuta wa kumwuma. Haki yake iko kwa yule aliyemwuzia, na kudhulumiwa hakumpi mtu rukhsa ya kudhulumu mwingine asiyehusika. Akitaka kuiuza, na aitaje ila yake, aiuze kwa bei ya ila yake.

Wapo na wadhanio kwa siri kuwa uaminifu ni wa Muislamu kwa Muislamu, na huyu mtu wa bara huenda si wa dini yao. Dhana hii ni mbovu. Sura ya Al-Mutaffifin, iwaonyayo wapunjao vipimo, imetaja kupima kwa watu, wala haikusema waumini tu. Na kipimo cha kilomita nacho ni kipimo.

Ikithubutu ila, mnunuzi ana khiyari ya kurudisha motokaa na kupewa fedha yake yote. Alichokichuma kwa kuchukulia mizigo kabla hajaijua ila ni chake, kwa kuwa siku hizo kama ingaliteketea ingalikuwa hasara yake. Lakini naye ana wajibu. Katika madhehebu ya Shafii khiyari hii ni ya upesi: akishajua ila aache kuitumia, atoe khabari, na ashuhudize watu. Aijuaye ila kisha akaendelea kubebea magunia msimu mzima ameridhika nayo. Na kama motokaa imepatwa na ila nyingine mikononi mwake, muuzaji halazimishwi kuipokea, ila hutoa fidia. Fidia hiyo hupatikana hivi: kama thamani ya motokaa iliyo nzima ni shilingi 24,000,000, na yenye ila ni 18,000,000, imepungua robo, basi hurudishiwa robo ya bei aliyolipa, yaani 5,000,000 katika zile 20,000,000.

Sheria ya nchi nayo haiko mbali na haya. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa ya Tanzania, Sura ya 214, iliyofuata mfano wa sheria ya Kiingereza ya mwaka 1893, yataka kitu kilichouzwa kwa kusifiwa kiwe sawa na sifa zake. Na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpoteza mnunuzi kwa maelezo ya uwongo. Kwa hivyo mkulima na ahifadhi risiti, aandikishe kila sifa aliyoambiwa kabla ya kutoa fedha, na asione haya kudai.

Lakini mahkama iko mbali na Kinyangiri, na nauli ni ghali, na wenye yadi wengi hulitegemea hilo. Huo umbali ndio mtihani wao. Jarir bin Abdillah, sahaba wa Mtume, alikuwa akiuza kitu huonyesha ila yake kwanza, kisha humwachia mnunuzi achague. Alipoambiwa kuwa kwa mwendo huo hatauza, alijibu kuwa amemuahidi Mtume kumtakia kheri kila Muislamu. Mwenye yadi aliye na karatasi ya mnada mezani anaweza kufanya hayo leo kabla ya adhuhuri: aitoe karatasi, amsomee mgeni, kisha wapatane bei. Huenda akapata pungufu ya shilingi milioni mbili, na atakachokipata kitakuwa halali yake na ya wanawe.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.